Mapacha wa kondo moja: ekografia yao hatua kwa hatua

Ndugu wauguzi, wakunga na madaktari vijana wa Lubumbashi na kandokando yake, somo hili limetokana na karatasi. Mara kwa mara mama anatufikia kutoka Katuba, Ruashi au hata Kipushi na karatasi ya ekografia (kipimo cha ultrasound) inayosema: «Mapacha, wote wazima, mioyo inapiga.» Basi. Juu ya kondo la nyuma, hakuna neno. Mimba imeshafika miezi sita, na kilichokuwa kinaonekana wazi mwezi wa tatu sasa kimejificha.

Swali lenyewe ni hili: watoto wanagawana kondo moja, au kila mmoja ana lake? Wakigawana, mishipa yao inaungana juu ya kondo hilo na damu ya huyu inapita kwa yule. Katika asilimia 10 hadi 15 ya mimba za namna hii, damu inaelemea upande mmoja: mmoja anakauka, mwenzake anafurika. Msipouliza mapema, mtagundua mkiwa mmechelewa.

Hatua ya 1: soma kondo kabla ya wiki 14

Wakati bora ni wiki 11 hadi 13 na siku 6. Pima kila mtoto toka kichwa hadi matako, na umri wa mimba uutoe kwa aliye mrefu zaidi. Kisha waache watoto, ufuate utando unaowatenganisha mpaka pale unapogusa kondo. Hapo usiwe na haraka. Kama nyama ya kondo inapanda kati ya tando, pana chini na kuchongoka juu kama kichuguu, hiyo ni alama ya lambda: makondo mawili, hata kama yamegusana. Kama utando ni mwembamba na unatua wima bila nyama yoyote kupanda, hiyo ni alama ya T: kondo moja. Sogeza sonde, kile kichwa cha aparei kinachogusa tumbo, polepole, uone sehemu yote ya mgusano. Piga picha, ichapishe, mama aondoke nayo. Umeme ukikatika na aparei ikafutika, karatasi inabaki.

Ukiwa na mashaka, andika kondo moja. Mimi sikubali jibu lingine. Ukimfuatilia mama mara nyingi kuliko ilivyohitajika, umempotezea nauli. Ukimfuatilia mara chache, unaweza kumpotezea watoto.

Usipoona utando kabisa, tafuta tena, ikiwezekana kwa sonde ya ukeni. Kama kweli haupo, watoto wako katika chupa moja ya maji na vitovu vyao vitasokotana. Huyo mama apelekwe hospitali kubwa bila kungoja.

Hatua ya 2: wape alama

Andika nani yuko kulia, nani kushoto, nani chini karibu na mlango wa kizazi, na kitovu cha kila mmoja kinaingia wapi kwenye kondo. Atakayepima baada yako asianze upya.

Hatua ya 3: toka wiki 16, kila wiki mbili

Ni maji na kibofu, kila mara. Kwa kila mtoto tafuta mfuko wa maji wenye kina zaidi, uupime wima. Sentimita 2 au chini kwa mmoja, na 8 au zaidi kwa mwingine (wengi huhesabu 10 baada ya wiki 20), ni hatari ya damu kuelemea. Yule mkavu utando unambana mpaka hauonekani, utadhani haupo. Mgeuze mama ubavu: mtoto anabaki amegandamana na ukuta wa kizazi, hashuki. Kibofu chake usikihukumu kwa kutazama mara moja, maana mtoto huenda amekojoa sasa hivi. Pima mengine, urudi.

Ngazi tano za ugonjwa huu, alizozipanga daktari Quintero mwaka 1999, zinatokana na hayo: maji peke yake, kibofu kisichoonekana, dopla (kipimo cha mwendo wa damu katika mishipa) mbaya, mtoto kuvimba maji, kifo. Ugonjwa unaweza kuruka ngazi, kwa hiyo msingoje ya tatu ndipo mpige simu.

Hatua ya 4: uzito na dopla

Toa uzito mdogo kwenye mkubwa, gawanya kwa mkubwa. Gramu 1000 na 720: tofauti ni asilimia 28. Ikifika 25, dopla ya kitovu ni ya lazima. Toka wiki 20 pimeni pia mshipa wa kati wa ubongo, kwa kuwa mmoja anaweza kuishiwa damu polepole huku maji ya wote yakiwa sawa.

Maswali ya wanachama

*Muuguzi, Kampemba:* Dokta, mama amekuja kwa CPN (kliniki ya wajawazito) ya kwanza ana wiki 24. Nafanyaje?

Tazama jinsia. Mvulana na msichana, karibu hakika makondo ni mawili. Jinsia moja, hesabu makondo na uangalie unene wa utando. Isipoeleweka, mchukue kama wa kondo moja.

*Mkunga, Likasi:* Aparei yetu haina dopla.

Maji na kibofu havihitaji dopla, mama. Fanyeni hivyo vizuri, tofauti ikianza mumpeleke mbele. Matibabu ya leza, ya kuziba mishipa inayounganisha watoto, hufanyika zaidi kati ya wiki 16 na 26, na utafiti wa Ulaya wa 2004 ulionyesha yanaokoa kuliko kupunguza maji kwa sindano.

*Mkunga, mtaa wa Kenya, Lubumbashi:* Bibi wa mapasa anataka kujua nani atakuwa Mbuyi (jina la pacha wa kwanza kwa Waluba), nani Kabanga (la wa pili).

Msiahidi. Kwa njia ya kawaida aliye chini ndiye hutangulia, lakini kwa upasuaji anatoka yule mkono uliyemfikia kwanza.

*Daktari, Kipushi:* Mmoja amefariki wiki ya 27. Tumtoe mwenzake haraka?

Hapana, kama hakuna sababu nyingine. Madhara hutokea saa ileile ya kifo, damu ya aliye hai inapokimbilia upande wa marehemu. Kumtoa kunamwongezea unjiti tu. Pimeni mshipa wa ubongo siku hizo, kisha mtazame ubongo wenyewe baada ya wiki 4 hadi 6.

*Mkunga, Likasi:* Na wakiwa wazima wote, wazaliwe lini?

Wa kondo moja lakini kila mmoja katika chupa yake, wiki 36 hadi 37. Walio katika chupa moja, kwa upasuaji, wiki 32 hadi 34, baada ya sindano za kukomaza mapafu.