Vocha ya Seksheni 8 huku Marekani, kwa anayepanga na kwa anayepangisha

Haipiti wiki sijapigiwa simu ya Seksheni 8, ule mpango wa serikali wa kusaidia wenye kipato kidogo kulipa kodi ya nyumba. Leo ni dada Mkongo aliyefika na watoto wanne anauliza serikali italipa nyumba lini, kesho ni kaka wa Mombasa kanunua nyumba ya pili kwa mkopo anauliza hawa watu wa vocha ni wa kuaminika au atakuja kulia. Mimi mwenyewe nimekuwa pande zote mbili, nimeshawajazia watu fomu mpaka nazijua kwa kichwa, na sasa hivi sehemu ya chini ya kanyumba kangu hapa Ohio nimempangisha mama mmoja mwenye vocha, basi nimeona niandike mara moja niwe natuma hii.

Kwanza tuelewane, vocha sio hela unayopewa mkononi. Ni ahadi. Serikali kuu kupitia wizara yake ya nyumba, HUD, inatoa pesa kwa ofisi za nyumba za mji au wilaya, ziko zaidi ya 2,000 nchi nzima, na watu wetu wanaziita tu hausingi. Wewe unatafuta nyumba kwa mtu binafsi, unalipa sehemu yako, hausingi inamlipa mwenye nyumba sehemu iliyobaki moja kwa moja benki. Jina limetoka kwenye kifungu cha 8 cha sheria ya nyumba ya 1937, ila mpango wenyewe wa kulipia watu kodi kwa mwenye nyumba binafsi ulianza 1974. Leo familia zaidi ya milioni 2 zinautumia. Na usichanganye na yale majengo ya serikali yenyewe, hayo unapewa chumba chao na ukihama msaada unabaki pale, vocha unahama nayo.

Sasa nani anapata. Kipato cha familia kwa kawaida kisizidi nusu ya kipato cha kati cha eneo lile, na katika kila vocha 100 mpya 75 lazima ziende kwa maskini zaidi, wale wa chini ya asilimia 30 ya kipato hicho cha kati. Upande wa makaratasi, mkimbizi, mtu aliyepewa hifadhi, mwenye green card (kibali cha kuishi huku moja kwa moja), hao wanaingia, huhitaji kusubiri uraia. Visa ya mwanafunzi au ya kutembea haiingii. Lakini kustahili ni kitu kimoja na kupata ni kingine kabisa, maana hii sio kama stempu za chakula kwamba ukistahili unapewa, hapa pesa ikiisha imeisha, ndo maana kama familia moja tu kati ya nne zinazostahili msaada wa nyumba ndo inaupata. Foleni ni miaka. Miji mingi foleni imefungwa, inafunguliwa siku chache halafu wanachagua kwa bahati nasibu, kwa hiyo usiombe sehemu moja tu, omba na miji ya jirani, hakuna sheria inayokukataza. Na kuomba ni bure, mtu akikwambia lete dola 50 nikuingize kwenye listi huyo ni tapeli hata kama mnasali naye.

Kitu kinachoua maombi ya watu wetu kuliko chochote ni barua. Umeomba 2021, umehama mara tatu, ofisi ikafika jina lako ikatuma barua kule kwa shemeji ulikofikia, hukujibu, wamekufuta. Imemkuta jirani yangu mmoja baada ya kusubiri miaka minne, tulikaa naye jikoni akiwa ameishika ile barua ya zamani na hamna la kufanya. Kila ukibadilisha anwani au simu, siku hiyohiyo waambie hausingi zote ulizoomba na uhifadhi ushahidi kwamba umewaambia.

Tuseme sasa umeitwa na vocha umepewa. Hesabu yake watu wengi hawaielewi, ngoja nipige mfano. Mama ana watoto watatu, anafanya kazi kwenye ghala, analipwa dola 2,400 kwa mwezi kabla ya makato, yaani 28,800 kwa mwaka. Hausingi inamtolea kiasi kwa kila mtoto, nitumie 480 iliyotumika miaka mingi, mara tatu ni 1,440, inabaki 27,360, kwa mwezi 2,280. Asilimia 30 yake ni 684. Hiyo ndo sehemu yake ya msingi. (Akiwa analipia mtoto kulelewa ili aende kazini nayo inatolewa, kwa hiyo peleka risiti. Hela unayotuma nyumbani kwa mzee kila mwezi haitolewi, inauma lakini ndo hivo, na ukitumiwa hela na ndugu mara kwa mara hiyo inahesabiwa kama kipato.)

Halafu hausingi ina kiwango chake kwa kila ukubwa wa nyumba, kinawekwa kati ya asilimia 90 na 110 ya ile kodi ya soko ambayo HUD wanaitangaza kila mwaka. Tuseme kwa vyumba vitatu ni 1,500. Huyu mama kapata nyumba ya 1,400 na umeme na gesi analipa mwenyewe, ofisi inakadiria bili hizo ni 150, jumla 1,550. Hausingi italipa 1,500 kutoa 684, yaani 816, mama atamlipa mwenye nyumba 584 na bili zake juu. Unaona ile 50 iliyozidi kiwango imemwangukia yeye. Inaruhusiwa, ila unapoingia nyumba mpya jumla ya sehemu yako haitakiwi kupita asilimia 40 ya kile kipato, kwake ni 912. Angependa nyumba ya 1,750 sehemu yake ingefika 1,084 pamoja na bili, na ofisi ingekataa hata kama yeye mwenyewe anasema nitajibana nitalipa. Kwa hiyo kabla hujaenda kuona nyumba piga hii hesabu kwenye simu, usipende sebule kwanza.

Muda wa kutafuta ni siku 60 kwa uchache, unaweza kuomba kuongezewa na uombe kwa maandishi kabla hazijaisha, sio baada. Ukipata mwenye nyumba aliyekubali mnajaza pamoja fomu ya kuomba kibali cha upangaji, mnaipeleka, na siku zako zinasimama kuhesabiwa mpaka wakujibu. Usihamie kabla ya ofisi kukubali! Narudia hili kwa sababu watu wanahamisha masofa wikendi kwa kuwa kaka mwenye gari kapatikana, halafu nyumba inafeli ukaguzi na kodi yote ya siku hizo ni juu yako.

Je mwenye nyumba anaweza kukukataa kwa sababu ya vocha? Inategemea jimbo. New Jersey, California na Illinois, kwa mfano, sheria inamkataza. Texas ni kinyume, jimbo limezuia hata miji isitunge sheria ya namna hiyo. Yapo na majimbo mengine yanayokataza, na kwingine ni mji kwa mji, uliza hausingi yako.

Haya, nyie wenye nyumba. Faida mnayoijua ni kwamba sehemu ya serikali inaingia kila mwezi mvua inyeshe jua liwake, na mpangaji akipunguziwa masaa kazini sehemu yake inapungua na ya ofisi inaongezeka, haumpotezi. Shida ni mwanzo. Ofisi inakagua nyumba kwanza, halafu inalinganisha kodi yako na nyumba zinazofanana ambazo hazina vocha, na ukiomba kubwa wanakwambia shusha. Mimi nilijiona fundi nikafeli ukaguzi wa kwanza kwa vitu vya aibu: soketi moja haina kifuniko, dirisha la chumbani halikai likifunguliwa, king'ora cha moshi hakina betri. Dola kama 30 za dukani, lakini zimenigharimu wiki tatu bila kodi. Tembea na balbu na bisibisi kila chumba kabla inspekta hajaja, fungua maji ya moto, washa hita hata kama ni Julai. Na kama nyumba imejengwa kabla ya 1978 na kuna mtoto chini ya miaka 6, angalia rangi inayobanduka, zile rangi za zamani zina madini ya risasi (lead) ambayo ni sumu, na hapo hawakuachii.

Ukishapita mnasaini karatasi mbili, mkataba wa kawaida na mpangaji, mara nyingi wa mwaka mmoja, na mkataba wako na hausingi. Malipo ya kwanza huwa yanachelewa, mie nilisubiri mwezi na nusu wakaja kulipa yote kwa pamoja, kwa hiyo kama benki yako inataka hela tarehe moja weka akiba kabla. Depoziti unamwomba mpangaji, ofisi kwa kawaida hailipi. Kumchunguza mpangaji pia ni kazi yako, hausingi imepima kipato chake, haijakuhakikishia kwamba analipa au anatunza nyumba, wapigie waliompangisha zamani. Kodi huwezi kuipandisha ndani ya ule muda wa kwanza, baada ya hapo taarifa kwa ofisi siku 60 kabla. Hitilafu ya hatari kama gesi kuvuja ni masaa 24 iwe imetengenezwa, nyingine siku 30, ukipuuza wanasimamisha malipo na huruhusiwi kumgeukia mpangaji akulipe ile sehemu yao.

Sasa hili ndo hasa lililonifanya niandike. Sisi tumezoea mambo ya tutaelewana, yale ya pembeni, na ya kwanza ni hela. Kodi kwenye karatasi imekubaliwa 1,400, mwenye nyumba anamwambia dada, si unajua soko lilivyo, niongezee 100 pembeni kila mwezi. Dada anaogopa kukosa nyumba, analipa kwa keshi. Hiyo ni kosa kisheria, mwenye nyumba anaweza kurudishishwa hela na kufungiwa asipangishe tena kwa vocha, na kama wewe mpangaji umekubali na kukaa kimya nawe uko pabaya. Nilimsindikiza mmoja mpaka ofisini kulieleza, alikuwa anatetemeka, kumbe alikuwa na risiti za fedha alizotuma kwa simu, ndo zilizomwokoa. Kitu chochote nje ya mkataba, iwe parking, iwe friji, iwe nini, kama ofisi haikijui usikilipe.

Pembeni ya pili ni watu. Mdogo wako kaja kutoka jimbo lingine, anakaa wiki mbili, miezi miwili, anapokea barua zake hapo, ana kazi. Kwetu huyo ni mgeni. Kwa hausingi huyo ni mkazi asiyeandikishwa mwenye kipato kisichotajwa, na wana mfumo wa kompyuta unaoonyesha mishahara inayoripotiwa serikalini, sio lazima jirani akuchome. Waandikie umwombee kibali kabla hajaleta begi. Mtoto akizaliwa nae aandikishwe, tena huyo anakupunguzia kodi.

Pembeni ya tatu ni undugu. Huruhusiwi kupanga kwa vocha nyumba ya mzazi wako, mtoto, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada, isipokuwa ofisi ikikubali kwa sababu ya ulemavu. Mtoto wa ba'mdogo wako hayumo kwenye orodha hiyo. Lakini wewe si unamwita kaka? Ukiandika kwenye fomu kwamba mwenye nyumba ni kaka yako wanakataa palepale, na kumwelezea karani ukoo wetu ulivyo ni kazi ya siku nzima. Jaza undugu kama wanavyouhesabu wao, huyo ni binamu.

Na wale wanaokwenda nyumbani kusalimia, siku 180 mfululizo nje ya nyumba ndo mwisho kabisa, baadhi ya ofisi zimeweka chache zaidi, na vocha ikifa ukiwa Bukavu hakuna wa kukusaidia. Waage kwa maandishi kabla ya kukata tiketi.

Ukiletewa barua kwamba wanakunyang'anya vocha, usiitupe wala usilie kwanza, tafuta tarehe. Una haki ya kuomba usikilizwe na mtu ambaye siye aliyekata uamuzi ule, ila siku za kuomba ni chache na zimeandikwa humohumo kwenye barua. Nenda na stabu za mshahara (vile vikaratasi vya malipo ya kazi), risiti, nakala za barua ulizowatumia. Na mkalimani omba mapema, uliza ofisi yako kama wanatoa. Taja Kiswahili kwa jina, maana wakiona tu umetoka Kongo wanakuletea wa Kifaransa.