Kutembelea magongo Bagamoyo: vipimo, ngazi na mchanga

Uzito wa mwili unabebwa na viganja, si makwapa. Anayening'inia kwapani hubana mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Huanza ganzi ya vidole, na akiendelea kiganja hulegea asiweze kukiinua. Mara nyingi chanzo ni magongo ya kuazima, yaliyopimiwa mtu mwingine.

Kwa hiyo yapime upya. Simama wima na kiatu utakachotembelea, ncha za magongo zikae sentimita 15 hivi mbele na pembeni ya vidole vya mguu. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo vipite vidole viwili au vitatu. Mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono ulioachwa uning'inie. Ukiushika, kiwiko kipinde kidogo. Kaza nati, na uzikague mara kwa mara, maana hulegea zenyewe.

Aliyekatazwa kukanyagia atangulize magongo yote mawili, abane vichwa vyake kwenye mbavu, asukume viganja chini, ndipo alete mguu mzima. Hatua iwe fupi. Ndefu ndiyo inayoangusha. Aliyeruhusiwa kukanyagia kidogo huupeleka mguu mgonjwa pamoja na magongo.

Ngazi: kupanda, mguu mzima kwanza, kushuka, magongo na mguu mgonjwa kwanza. Vidaraja vingi vya baraza za Mji Mkongwe wa Bagamoyo havina pa kujishikilia, basi awepo mtu upande wa chini yako, unapopanda na unaposhuka.

Mchanga ndio mtihani wenyewe. Gongo likizama huonekana fupi, na wengi hulirefusha. Usilirefushe: ukirudi sakafuni litakuchoma kwapani. Tafuta mipira ya chini iliyo mipana, punguza hatua nusu, na ukienda soko la samaki pita penye mchanga mbichi ulioshikana. Bajaji ikiweza kufika, panda bajaji.

Kabla ya kuingia ndani, pangusa mipira. Chembe za mchanga juu ya vigae huteleza, na sakafu iliyolowa ya kutawadhia ni mbaya zaidi. Heri ukae, uletewe maji. Mpira ukiwa kipara, badilisha.

Ukitoka pwani suuza nati kwa maji yasiyo ya chumvi, zikaushe, uzitie tone la mafuta ya cherehani. Zikishika kutu, siku ya kubadili kimo hazifunguki ila kwa koleo.