Kupima kelele na mandhari kwa ripoti ya EIA, yaani tathmini ya athari kwa mazingira (Kenya)

Nimetoka kumsaidia junia mmoja ofisini na EIA ya kwari ya kokoto huko Kajiado, basi wacha niandike hapa, maana maswali ni yale yale.

Hatua 1: Pointi za kupimia. Nyumba ya karibu zaidi, shule, zahanati, kanisa. Chukua GPS, pita kwa chifu kwanza.

Hatua 2: Kupima kelele. Hapa ndipo watu huumia. App za simu achana nazo kabisa, kodisha mita ya daraja la 1, au la 2 bajeti ikibana, na uangalie cheti cha kalibresheni hakijapitwa na tarehe. Maiki ikae kwa tripodi kama mita 1.5 juu ya ardhi, mbali na ukuta angalau mita 3.5 kwa sababu sauti hugonga ukuta na kurudi. Upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde funga kazi, hata kama umevisha maiki ile soponji, utakuwa unapima upepo tu.

Usiku lazima urudi, usikubali mteja akuambie mchana inatosha. Kanuni za kelele za 2009 zinasema nje ya makazi ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili. Sasa 35 nyenje na vyura peke yao wanaipita, kwa hiyo usipokuwa na rekodi ya kabla ya mradi, kelele ya vyura itaandikwa kwa jina la mteja. Rekodi LAeq, yaani wastani wa nishati ya kelele kwa muda wote wa kupima, pamoja na LA90, kile kiwango kinachopitwa asilimia 90 ya muda.

Halafu wastani: desibeli hazijumlishwi kama nyanya sokoni! Ukiwa na 50, 50, 50 na 70, AVERAGE ya Excel itakupa 55, jibu sahihi ni kama 64. Gawanya kila namba kwa 10, ifanye kipeo cha 10, tafuta wastani, chukua log, zidisha kwa 10.

Hatua 3: Makadirio ya kelele mradi ukianza. Kelele ya mashine inayofanya kazi mahali pamoja hupungua desibeli 6 kila umbali ukiongezeka maradufu, barabara yenye malori mfululizo 3 tu. Mfadhili akifuata miongozo ya IFC (tawi la Benki ya Dunia linalofadhili sekta binafsi), makazi ni 55 mchana na 45 usiku, au ongezeko lisizidi 3.

Hatua 4: Mandhari. QGIS (programu ya ramani) na data ya SRTM (vipimo vya mwinuko wa ardhi kutoka angani) ya mita 30 zitakuonyesha kwari itaonekana kutoka wapi, bure kabisa. Lakini ramani haijui ni nani anaangalia, so uliza wachungaji na wazee ni wapi wao husimama kutazama, halafu nenda hapo. Zile fomu za kupa mandhari alama 1 hadi 5 mimi sizipendi, maofisa wawili kilima kimoja wanakupa alama mbili tofauti. Piga picha kwa lenzi ya 50mm ya kamera ya fremu kamili, ile waidi ya simu inafanya hata vilima vya Ngong vionekane vichuguu na mitambo ya upepo ipotee. Weka ya sasa na ile uliyochorea mradi, saizi moja, ukurasa mzima wa A3 kila moja.