Laptopu ikianza kuleta maneno, usikubali fomati ya haraka

Ukipeleka laptopu kwa mafundi wa Luthuli Avenue hapa Nairobi ama kwa zile duka ndogo za Moi Avenue useme inajizima ovyo au inaleta skrini ya bluu, mara nyingi utaambiwa "hii inataka fomati" hata kabla haijawashwa. Fomati inaweza kusaidia, sikatai, lakini inakufutia kazi yako alafu haikuambii shida ilikuwa nini, na kama kisa ni RAM (memori ya mashine) mbovu ama ile programu utairudisha kesho yake, utajipata huko huko tena ukitoa pesa ingine. Mashine ilikuwa inafanya kazi, sai haifanyi, kuna kitu kimebadilika hapo katikati. Hicho kitu ndio tunatafuta.

Kwanza bekapu. Kama bado inawaka hata kwa dakika kumi, toa dokumenti na picha uweke kwa fleshi au Google Drive, usingoje. Alafu kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, fungua aka.ms/myrecoverykey ukitumia simu uone kama ukona ile namba ya BitLocker (kufuli ya diski ya Windows) ya tarakimu 48, juu Windows nyingi za siku hizi zinafunga diski zenyewe bila kukuambia, na ukianza kushughulika na mambo ya kuwasha mashine inaweza kukuuliza hiyo namba. Bila hiyo namba, hakuna fundi wa Nairobi atakufungulia hiyo diski.

Skrini ya bluu ikitokea usiharakishe kuizima, ipige picha na simu. (Kama umeapdeti Windows 11 hivi karibuni, skrini yenyewe siku hizi ni nyeusi, usishangae.) Kuna maneno hapo ya herufi kubwa na ndio ya maana kushinda kila kitu. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL mara nyingi ni driva (programu ndogo inayoongoza kifaa kama printa au WiFi), na saa zingine jina la faili yenyewe limeandikwa hapo chini. MEMORY_MANAGEMENT inafanya nishuku RAM, ingawa driva mbovu pia huleta hiyo. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE ni Windows kushindwa kufikia diski yake, inaweza kuwa diski yenyewe ama mtu alibadilisha seting kwa BIOS, zile seting za kabla Windows ianze.

Sasa kuna kitu watu wengi hawajui kiko kwa laptopu yao, na kwangu hii ndio silaha ya kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, enter. Itakuletea grafu ya siku kwa siku, na siku zenye shida zimewekwa alama nyekundu ya X. Angalia nyekundu ya kwanza ilianza lini, alafu bonyeza hiyo siku na zile mbili tatu kabla yake, utaona ni nini iliwekwa au ikaapdetiwa. Kama nyekundu zinaanza Jumatano na Jumanne uliweka programu ya kuprint stakabadhi za duka, hapo hauhitaji mganga. Itoe, ristati, ngoja siku moja mbili uone. Na usitoe vitu tano kwa mpigo, juu ikipona hautajua ni gani ilikuwa na makosa.

Ukiona Kernel-Power 41 kwa Event Viewer (daftari ya Windows ya matukio) usiruke ununue ubao mpya (motherboard), hiyo inasema tu mashine ilikatika bila kuzimwa vizuri. Laptopu nyingi za ex-UK betri zake zimechoka kabisa, zinaishi na chaja, kwa hivyo stima ikipotea ama chaja ikilegea kidogo hiyo meseji lazima ije.

Kugombana kwa programu nako kunakuja na sura nyingi lakini mkosaji anayejulikana sana ni antivairasi mbili. Kila moja inataka kukagua kila faili inayofunguliwa, kwa hivyo zinakaguana, mashine inakuwa nzito, inahang. Ile ya Windows yenyewe kwa kawaida hujitoa ukiweka ingine, shida ni ukiwa na mbili za nje, moja ilikuja na laptopu na ingine umeekewa na fundi. Baki na moja, na hiyo ya kutoka itoe na kifaa cha kampuni yake cha kuondolea, juu ukiitoa kawaida huacha driva nyuma. Na driva za usalama si mchezo: tarehe 19 Julai 2024 faili moja mbovu ya CrowdStrike iliangusha kompyuta kama milioni 8.5 duniani kwa hesabu ya Microsoft, ndege zikakwama, na dawa kwa mashine nyingi ilikuwa kuingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) na kufuta hiyo faili moja. Hakukuwa na haja ya fomati.

Hiyo Safe Mode unaingia ukishika Shift ukibonyeza Restart, alafu Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, unachagua 4. Kama haifiki hata hapo, izime kwa kushikilia pawa ikiwa kwa nembo, rudia mara mbili tatu, italeta menyu ya kujirekebisha yenyewe. Ikikaa sawa ndani ya Safe Mode lakini nje inasumbua, basi karibu uwe na hakika ni driva au programu, si diski.

Hapo ingia msconfig (Windows na R tena, andika msconfig), upande wa Services, zile programu zinazofanya kazi chinichini, weka tiki kwa Hide all Microsoft services (usiruke hii, unaweza kujifungia nje ya PIN yako) alafu Disable all. Nenda Task Manager uzime za Startup pia, ristati. Ikipona, rudisha nusu. Ikisumbua, mkosaji yuko kwa hiyo nusu, igawanye tena. Services 16 unamaliza kwa ristati nne, ni kazi ya jioni moja tu.

Kama ni driva iliyoapdetiwa, Device Manager, bonyeza kifaa mara mbili, Driver, Roll Back Driver. Driva mpya chukua kwa tovuti ya HP, Dell, Lenovo, yeyote aliyetengeneza mashine yako. Achana kabisa na zile programu za "tutakuapdetia driva zote", zinaleta driva zisizo zako.

Windows yenyewe ikiwa imeharibika, fungua Command Prompt kama administrator uandike hizi, moja ikimaliza ndio ingine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza inavuta faili kutoka kwa Microsoft kwa hivyo uwe na bando, na inaweza kusimama kwa asilimia fulani muda mrefu, usiifunge. Angalia tokeni za stima kama zinatosha kabla uanze.

RAM unaipima na mdsched, unaiandika kwa Windows na R pia. Diski unaangalia na programu inaitwa CrystalDiskInfo, ikiandika Caution ama Bad wacha kila kitu uhamishe data leo.

Kuna hitilafu zingine si hitilafu. Kila Juni watu wanasema laptopu ina vairasi juu ile Excel ya ritani za kodi ya iTax (tovuti ya KRA) haivalidate. Windows imezuia makro tu (programu ndogo zilizo ndani ya hiyo Excel) juu faili imetoka kwa intaneti: bonyeza faili raiti, Properties, tiki Unblock, fungua tena. Fanya hivyo kwa faili uliyodaunlodi mwenyewe kutoka iTax, si ile umetumiwa WhatsApp. Na kukataliwa kuhamia Windows 11 pia si ugonjwa, laptopu karibu zote za prosesa za Intel za chini ya kizazi cha 8 haziko kwa orodha yao, hata ukifomati mara kumi. Sapoti ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, hiyo jua unapopanga kununua ingine.

Ikikushinda nenda kwa fundi na ile picha ya skrini na tarehe ya nyekundu ya kwanza, umwambie umeshajaribu nini. Akisema bado ni fomati, mwambie akopi diski kwanza mbele yako, na umuulize Windows atakayoweka ni ya leseni au ni ile ya kuamshwa na programu inayotaka antivairasi izimwe. Ikiwa ni hiyo ya pili, chukua laptopu yako: Windows inajiweka upya yenyewe kwa Settings, System (kwa Windows 10 ni Update & Security), Recovery, Reset this PC, ukichagua Keep my files. Programu utaziweka tena, lakini faili zako zitabaki.