Somo: Virutubisho vya kulinda utumbo wa watoto wa nguruwe wakati wa kulikizwa

Ndugu wafugaji,

Katika mabanda mengi ya Mbeya, Iringa na Njombe, watoto wa nguruwe hunawiri vizuri wanaponyonya, kisha katika wiki mbili zinazofuata kulikizwa huanza kuhara, wengine hufa na wengine hudumaa. Mtoto anaponyonya, bakteria rafiki hugeuza sukari ya maziwa kuwa tindikali inayozuia vijidudu kama E. koli visizaliane tumboni. Akitengwa na mama ghafla, tindikali hiyo hupungua wakati tumbo lake bado halitengenezi ya kutosha, na kwa kuwa siku hizo husita kula, vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula hufupika. Kazi ya virutubisho ninavyovieleza hapa ni kuziba pengo hilo. Haviwezi kuchukua nafasi ya joto na maji safi, na anayenunua paketi ya bakteria rafiki huku watoto wake wamelala kwenye saruji yenye unyevu mwezi Julai anapoteza fedha.

Hatua ya kwanza: dang'a na madini ya chuma. Hakikisha kila mtoto amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa chache baada ya kuzaliwa, kwa sababu baada ya saa 24 utumbo huwa hauwezi tena kupitisha kinga za mama kwenda kwenye damu. Karibu na siku ya tatu achomwe sindano ya madini ya chuma, kwa kawaida miligramu 200, kwa kuwa maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha.

Hatua ya pili: kuuzoesha utumbo chakula kikavu. Kuanzia siku ya kumi hivi, weka chakula kidogo mahali ambapo mama hafiki, ukibadilishe kila siku hata kama hakikuisha. Hapa soya ndiyo inayowaangusha wengi. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia umeng'enyaji wa protini, na kizuizi hicho huondolewa kwa moto, kwa hiyo ikaange ukiikoroga hadi ibadilike rangi kuwa ya dhahabu hadi ndani, uivunje punje moja na kuitafuna. Ukisikia ladha ya maharage mabichi, irudishe jikoni. Protini nayo isizidi sana, kwa kuwa ile isiyomeng'enywa hushuka kwenye utumbo mpana na kuwa chakula cha vijidudu vya kuhara. Asilimia 18 hadi 20 inatosha. Kilo 4 au 5 za pumba za ngano katika kila kilo 100 za chakula pia zina msaada, maana nyuzinyuzi zake huusukuma utumbo ufanye kazi.

Hatua ya tatu: tindikali. Ndimu ya unga inayouzwa madukani ni asidi ya sitriki, na ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa mfugaji mdogo. Changanya gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya chakula, kuanzia wiki moja kabla ya kulikiza hadi wiki mbili au tatu baadaye. Ianze kuchanganywa na unga kidogo, kisha unga huo ndio uuchanganye na gunia zima, kwani ikibaki mabonge watoto watakikataa chakula. Ukiwa nayo, punguza chokaa ya mifugo katika chakula cha kipindi hiki bila kuiondoa kabisa, kwa sababu chokaa huila tindikali tunayoitafuta.

Hatua ya nne: chakula kilichochachushwa. Njia hii naithamini kuliko paketi nyingi za dukani. Chukua unga wa mahindi pamoja na pumba, ongeza maji mara mbili hadi tatu ya uzito wake katika ndoo yenye mfuniko, na uache kwa siku mbili au tatu mahali penye joto. Kwa baridi ya Makete au Mufindi ndoo ikae karibu na jiko, maana chini ya nyuzi 20 uchachu hukawia na vijidudu vibaya hupata nafasi. Harufu inayotakiwa ni uchachu safi kama wa togwa. Ukiona ukungu au kusikia harufu ya kuoza, mwaga yote na uoshe ndoo. Ikikubali, bakiza robo ya ndoo iwe mbegu ya mchanganyiko unaofuata. Dagaa, soya na mchanganyiko wa vitamini viongezwe wakati wa kulisha, kwa sababu lisini (kijenzi cha protini) iliyoongezwa kwenye chakula hupotea ikichachushwa. Mahindi yenye ukungu yasitumike hata kidogo. Sumukuvu haiondolewi na uchachu wa ndooni.

Hatua ya tano: bakteria rafiki na hamira. Zipo paketi zenye Lactobacillus, Bacillus subtilis au hamira ya Saccharomyces. Fuata kipimo kilichoandikwa, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na utoe kila siku, kwa kuwa wengi wa bakteria hawa hupita tu bila kuweka makazi ya kudumu.

Wapo watakaoshauriwa kutumia zinki oksaidi kwa wingi au antibiotiki ndani ya chakula. Umoja wa Ulaya ulikataza antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, na dawa za zinki oksaidi za kiwango kikubwa mwaka 2022, kwa sababu ya usugu wa vijidudu na uchafuzi wa ardhi. Nasi tusiziingize katika lishe ya kila siku.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Huku maziwa ni mengi. Je, mtindi unaweza kuchukua nafasi ya paketi?*

Marahaba. Unaweza kusaidia sana, mradi uwe umegandishwa kwa usafi na usichemshwe baada ya kuganda, maana moto huua bakteria wake. Anza na kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa kila mtoto kwa siku, uangalie kinyesi, ndipo uongeze taratibu.

*Mwanachama wa Mafinga: Nilitia bakteria rafiki na antibiotiki katika maji pamoja. Kuna ubaya?*

Ndiyo, ndugu yangu, kwa sababu dawa huenda imewaua bakteria uliowanunua. Maliza dozi uliyoandikiwa, ndipo uanze bakteria. Hamira haiuawi na antibiotiki, hivyo inaweza kuendelea. Maji yenye klorini nayo yaache wazi usiku kucha kabla ya kuchanganya.

*Mwanachama wa Vwawa: Machicha ya pombe ya kienyeji yanafaa kwa waliolikizwa juzi?*

Hapana. Yana makapi mengi, yana kilevi, na huota ukungu upesi. Wape wakubwa, yakiwa mabichi ya siku hiyo.

*Mwanachama wa Njombe: Wangu wana siku ya tatu tangu kulikizwa, wanahara maji. Niongeze ndimu ya unga?*

Usiongeze, mama. Hapo tumeshatoka kwenye lishe tumeingia kwenye ugonjwa. Punguza chakula, waweke kwenye majani makavu wapate joto, na uwape maji safi lita moja yenye vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku ukimwita daktari wa mifugo leo hii. Ukiona na wakubwa wana homa, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu au vya zambarau, na vifo vinafuatana, hiyo yaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba: usiuze wala kuhamisha hata mmoja, na umjulishe afisa mifugo wa kata mara moja.