Hesabu mlio kabla hujanunua spea

Machi, nikitoka Hombolo na makreti ya zabibu, Hilux yangu ilianza kulia kwii, kwii, kwii. Gereji ya kwanza wakanibadilishia mkanda wa alteneta. Nililipa, nikaondoka, mlio nikaondoka nao.

Anza gari ikiwa imesimama. Washa injini, weka nyutro, kanyaga mafuta kidogo kidogo. Ikilia hapo, hangaika na mkanda na vitu vya mbele. Yangu ilinyamaza, ikalia tu ikitembea.

Sasa tafuta uwanja tambarare. Zima injini, acha nyutro, dereva akae tayari kwenye breki (itakuwa nzito, akanyage kwa nguvu). Piga alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, wengine wasukume. Mpwa wangu alitembea kando ya tairi, ameinama, akihesabu kwa vidole.

"Mjomba, tairi limezunguka mara moja, imelia mara nne."

Nilifurahi mno, maana propela shafti (mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma) ya gari kama yangu huzunguka takriban mara nne tairi likizunguka mara moja. Ingelia mara moja tu, ningeenda kwenye breki na beringi ya gurudumu.

Zuia matairi kwa mawe ndipo uingie chini, na usiingie kamwe chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Angalia krosi, kiungo cha umbo la msalaba kwenye ncha ya shafti; kila mkono wake umevikwa kikombe chenye sindano ndogo za chuma. Vumbi letu la Dodoma nalo ni jekundu, linadanganya, hivyo lifute kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Krosi iliyokauka hutoa unga wa kutu kwenye mdomo wa kikombe, laini kama ugoro. Kisha shika shafti kwa mkono mmoja, flenji (sahani ya chuma ambayo shafti imefungwa nayo kwa bolti) kwa mwingine, pindua kinyume. Krosi ikicheza hata kidogo, imekwisha.

Kabla ya kufungua bolti, tia alama ya rangi kwenye shafti na flenji, zirudi zilivyokuwa, la sivyo gari itatetemeka.

Krosi yangu ilikuwa na vikombe vitatu vyenye grisi. Cha nne sindano zake zilikuwa kavu, za kahawia, mbili zimevunjika. Niliweka krosi mpya yenye nipeli (kichuchu cha kupigia grisi), na kila nikivuka korongo lenye maji napiga grisi mpaka ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne.