Kabla hujagusa rejista ya Windows

Aliyewahi kufuatilia jalada lake katika ofisi ya serikali anaijua masijala. Karani mgeni akiingia humo na fagio, akatupa kila jalada lenye vumbi, ofisi itafunguliwa kesho yake kama kawaida. Balaa litaonekana siku mstaafu atakapokuja kuulizia mafao yake.

Windows nayo ina masijala yake, inaitwa rejista. Ilianza na Windows 3.1 mwaka 1992, ikiwa kijidaftari cha kukumbuka faili la aina fulani lifunguliwe na programu ipi. Kufikia Windows 95 ilikuwa imebebeshwa karibu kila kitu: mipangilio ya skrini, draiva za printa, orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, hata leseni za programu nyingi za kulipia. Ukiitafuta kwenye diski utakuta ni mafaili machache tu: SYSTEM, SOFTWARE, SAM, SECURITY na DEFAULT ndani ya C:\Windows\System32\config, pamoja na NTUSER.DAT katika folda ya kila mtumiaji. Hilo la SYSTEM peke yake likiharibika, Windows haiwaki.

Wateja wengi hunifikia wakiwa wameshaisafisha rejista hiyo, yaani wamefuta walivyodhani ni taka. Haya ni ya yule ambaye bado hajabonyeza.

Jiulize kwanza unasafisha ili iweje. Kama jibu ni kwamba mashine imekuwa nzito, weka fagio chini. Windows haisomi rejista yote kuanzia mwanzo hadi mwisho kila inapotaka kitu; huenda moja kwa moja kwenye jalada inalolihitaji, kama karani anayejua rafu kwa namba. Ukimwondolea majalada mia tatu ambayo hakuna mtu aliyeyaulizia, hataongeza mbio. Microsoft wenyewe miaka ya 1990 walikuwa na programu yao ya usafi huu, RegClean, wakaiondoa. Leo msimamo wao ulioandikwa ni kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejista. Uzito mara nyingi unatoka kwingine: diski ya zamani inayozunguka, RAM ndogo, au msururu wa programu zinazojiwasha asubuhi. Hilo la mwisho halihitaji rejista hata kidogo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Startup, uzime usizozitaka.

Zipo sababu za kweli za kuingia. Programu umeiondoa lakini jina lake limeng'ang'ania kwenye orodha. Antivirus ya zamani imeacha mabaki, na mpya inakataa kuingia kwa madai kwamba mwenzake bado yupo. Kila ukiwasha kompyuta kinatokea kidirisha kinachosema faili fulani halipo. Kila moja ya hizi ni shida yenye jina na mahali pake, na dawa yake ni kugusa sehemu moja au mbili. Ukishindwa kuitaja shida yako kwa sentensi moja, bado hujawa tayari.

Sasa hizi programu za usafi. Zinapekua kwa dakika mbili, halafu zinakuletea namba kubwa nyekundu za "makosa". Sijawahi kuona hata moja iliyopekua ikasema: mashine yako safi, kalale. Jirani yangu mmoja, mama mwenye duka la stationery, alibonyeza kitufe cha kurekebisha vyote kwa mpigo. Kesho yake asubuhi programu yake ya kupanga picha za pasipoti ikamdai namba ya leseni, na kasha la CD lilikuwa limetupwa zamani. Kilichotuokoa ni kwamba ile programu ya usafi, kabla ya kufuta, ilimwuliza kama ahifadhi nakala, naye akabonyeza ndiyo bila kusoma. Tukalikuta faili lenye mkia wa .reg kwenye Documents, tukalibonyeza mara mbili, leseni ikarudi.

Na hata kama programu ina sifa nzuri, chunga. Mwaka 2017 CCleaner, programu ya usafi iliyokuwa maarufu sana, ilivamiwa kwenye chanzo chake. Toleo la 5.33, lililotoka rasmi kwa watengenezaji wenyewe, lilikuwa limepandikizwa programu hasidi, na likafika kwenye kompyuta milioni 2.27. Hao waliipakua kihalali. Wewe unayetaka kuchukua toleo "lililofunguliwa" kwenye flashi ya rafiki, sijui nikwambie nini.

Tuje kwenye nakala za akiba, na hapa naomba utulie, maana watu wengi wanadhani wanayo akiba kumbe hawana.

Faili la .reg ndiyo akiba ya kwanza. Unafungua Regedit, programu ya Windows ya kuhariri rejista, unasimama juu ya folda unayotaka kuigusa, unakwenda File kisha Export, unaipa jina lenye tarehe. Ni kazi ya nusu dakika, na ni ya lazima, kwa sababu Regedit haina kitufe cha kuhifadhi wala cha kutengua: ukifuta, umefuta papo hapo. Ila uijue mipaka yake. Ukilirudisha faili hilo, linarudisha vilivyofutwa na vilivyobadilishwa. Ulivyoongeza wewe baada ya kutoa nakala linaviacha palepale. Pia vitu vya HKEY_CURRENT_USER, sehemu ya mipangilio ya mtumiaji, vinarudi kwa yule aliyeingia wakati huo. Ukitoa nakala kwenye akaunti ya baba ukairudisha kwenye akaunti ya mtoto, umemwekea mtoto mipangilio ya baba.

Wapo wanaotoa nakala ya rejista nzima wakaona wamemaliza. Ukijaribu kuirudisha Windows ikiwa inafanya kazi, itakwambia kwamba si data yote iliyoandikwa, kwa sababu baadhi ya sehemu zinatumika muda huohuo. Unabaki na mchanganyiko wa zamani na mpya. Chukua nakala ya folda unayoigusa. Hiyo nzima iache.

Mafundi wa zamani watakwambia usihofu, Windows yenyewe hujiwekea nakala kwenye folda ya RegBack, ndani ya config. Ilikuwa kweli. Tangu Windows 10 toleo la 1803, la mwaka 2018, Microsoft waliacha utaratibu huo ili kupunguza nafasi inayoliwa kwenye diski. Folda bado ipo, na ukiifungua unaweza kuona majina yote ya mafaili yamepangwa vizuri kabisa. Tazama ukubwa wake: sifuri. Nimemwona fundi mzoefu akinakili sifuri hizo juu ya mafaili halisi, akijua anaokoa.

Akiba unayoitaka hasa ni kituo cha kurejesha. Kwenye sanduku la kutafutia andika "Create a restore point". Angalia kama ulinzi wa diski C umewashwa, kwa sababu kwenye mashine nyingi umezimwa tangu siku ya kwanza. Uwashe, uupe nafasi kidogo, kisha tengeneza kituo na ukipe jina. Mambo yakiharibika, Windows itarudisha rejista, draiva na mafaili yake ya mfumo yalivyokuwa. Nyaraka na picha zako haizigusi, kwa heri na kwa shari: haizifuti, lakini pia haizikuhifadhii. Hizo zinakiliwe pembeni kwa mkono wako.

Je, kompyuta ikigoma kuwaka utakifikiaje kituo hicho? Kwa flashi ya kusakinishia Windows, ya GB 8 au zaidi, iliyotengenezwa leo mashine ikiwa nzima. Mzigo wa kupakua unazidi GB 5, kwa hiyo pima bando lako. Kisha jaribu kuwasha kompyuta kwa flashi hiyo mpaka uone skrini ya kwanza, halafu uzime. Flashi ambayo hujaijaribu usiihesabu.

Kuna jambo moja linalowakuta hasa wenye laptop mpya kidogo. Diski inaweza kuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski, bila wewe kujua, kwa sababu baadhi ya mashine hujifunga zenyewe pale mtu anapoingia kwa mara ya kwanza na akaunti ya Microsoft. Ukija kuingia kwa njia ya uokoaji, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika siku ile. Sasa kumbuka ni nani aliyekuwekea Windows. Kama fundi alitumia akaunti yake ili amalize haraka, ufunguo wa diski yako uko kwake, na pengine ameshabadilisha namba ya simu. Uutafute leo, uuandike kwenye karatasi, karatasi isikae kwenye mkoba wa laptop.

Umeme: laptop iwe na chaji, kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Rejista ina kumbukumbu zake za kujinusuru umeme ukikatika katikati ya kuandika, na mara nyingi zinasaidia. Mara nyingi si mara zote. Kama Windows inasubiri kuwashwa upya ili imalize masasisho, mwache amalize kwanza. Na usianze kazi hii usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ripoti.

Ukishaingia, futa kidogo kuliko unavyotamani. Kwa jina la programu lililoganda, mahali pake ni HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall. Soma kwanza ndani ya folda husika, uone programu inadai ilikaa wapi, kisha nenda ukahakikishe kwamba haipo kweli. Kwa kidirisha kinacholalamika kila asubuhi, chungulia Run, iliyo jirani chini ya CurrentVersion, kwa mashine nzima na kwa mtumiaji. Maeneo yenye misururu ya herufi na tarakimu ndani ya mabano yapite tu. Yanaonekana takataka, na ndiyo yanayounganisha programu moja na nyingine. Folda ya Services, yenye mipangilio ya huduma na draiva za Windows, usiiguse.

Mimi hata ninapokuwa na uhakika sifuti mara moja. Folda ya rejista ya programu ambayo jina lake limeganda naibadilisha jina, naongeza neno "_zamani" mwishoni, kisha nawasha upya. Nachapa ukurasa mmoja, nafungua programu ya hesabu, naingia intaneti. Kisha naiacha hivyo mwezi mzima, pamoja na faili lake la .reg, kwa sababu kuna programu mtu haifungui mpaka tarehe 25, anapoandaa mishahara.